Jogging Imebadili Njia

Jambo la mwisho la kawaida aliloniambia mke wangu, Somoe, ni nifunge mlango kuku wa jirani wasiingie. Ilikuwa Jumapili, ametoka kwenye jogging ya mtaa, jasho bado linamtiririka. Adhuhuri alianguka jikoni. Kesho yake tukamzika. Tangu hapo, kila nikifika kijiweni kwetu Mtoni, watu hushusha sauti. Wananipisha nikae, wananimiminia kahawa, wananiuliza kama nimekula. Mimi nilichotaka ni kubishiwa. Jumamosi iliyopita walijisahau. Marijani, tunayemwita Zege kwa sababu hunyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa zege, alikuwa anabishana na Cyprian, kapteni wa jogging, maarufu kama Mapafu.

— Mbio ni za mwizi, Zege alisema. Mwanaume kifua.

— Kifua unacho, ila juzi umepanda ngazi mbili tu ukaomba maji.

— Nilikuwa nimefunga.

— Umefunga huku unatafuna kashata?

— Acha hiyo. Upepo ukiezua bati lako, utalikimbilia au utalishika?

— Nalikimbilia kwanza, ndo nilishike. Wewe utashika nini, wakati bati lishafika Tabata?

— Mie nashika nyumba nzima isiezuliwe.

— Moyo ni pampu, braza. Wangu ukipiga mara moja, damu inazunguka mpaka kesho.

— Mie nesi kanidunga sindano ikapinda. Misuli yangu imeota misuli.

— Ilipinda kwa aibu, Mapafu alisema, kisha akanigeukia. Profesa, umesoma wewe, tuamulie.

— Nyie wote mna vitambi, nikasema.

— Hiki si kitambi, Zege alisema. Ni msuli umepumzika.

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia kwenye kanzu. Hakuna aliyenipa pole.

Ndipo akaja Wilfred, mpangaji aliyehamia mwezi ule.

— Shikamooni wazee. Kapteni, kesho nataka kukimbia na nyie. Ila mbona mkifika kona ya fundi cherehani mnanyamaza, halafu mnageuza? Mtaa wa mbele si ndo una lami?

Mtaa wa mbele ni wangu. Somoe ndiye alikuwa mwimbishaji wao. Tangu tumzike, kila Jumapili, nikiwa kitandani, nilisikia wimbo ukija, kisha ukikatika pale konani.

— Ishu ya njia tu, Mapafu alisema, akitazama kikombe.

— Njia ina nini?

Zege alianza kujifuta mikono isiyo na vumbi. Sauti zilikuwa zimeshashuka tena.

Asubuhi yake nilivaa raba, nikawatangulia konani. Walipofika wakanyamaza, wakaanza kugeuka. Nikaingia mtaani kwangu nikikimbia, na nikaanzisha wimbo. Sauti yangu ni mbovu. Kwa hatua chache niliimba peke yangu, kisha Zege, aliyekuja kuthibitisha kwamba mbio hazina maana, akaitikia, na wengine wakafuata. Pumzi iliniishia mbele ya nyumba yangu, lakini sikusimama. Nyuma yangu Mapafu akautangazia mtaa mzima kwamba Profesa anakimbia kama kabati linalohamishwa.