Leseni Huishia Mtoni

Basi lilipopanda daraja la mto unaotenganisha Kentucky na Ohio, Darlene alimwambia mzee Orville, jirani yake wa kiti, kwamba ng'ambo yeye si mshauri nasaha tena.

"Kumbe elimu yako inazama mtoni, binti yangu?" mzee alimtania.

"Leseni ya ushauri ni ya jimbo moja tu, mzee wangu. Nimehamia Ohio kumuuguza mama, na huko bado wanakagua saa nilizofanya kazi chini ya msimamizi kabla ya kunipa leseni yao. Nimewakumbuka watu wangu niliowashauri, hata wale walionitukana."

Mzee akasema, "Tangu mke wangu afe, nalala kwenye kochi."

Maswali yalimjaa Darlene kinywani, lakini basi lilikuwa limeshaingia Ohio.

"Nisimulie," alisema, "mimi ni abiria tu."

Basi likasimama.

"Hiki ndicho kituo changu," mzee alisema, wala hakuinuka.