Bi. Burulkan Sydykova na Chumba Ambacho Sakafu Haikukitosha

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi. Burulkan Sydykova, Mhandisi Mkuu wa Mifumo ya Joto hapa mjini Naryn, Kirigizistani, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kwa kuchochea makaa kwenye boila la kupasha mji joto, mwanamke pekee katika zamu yake. Akaenda kusoma, akarudi na wazo ambalo wengi walilibeza: kupitisha maji ya moto kwenye mabomba chini ya sakafu. Leo watoto wa chekechea zetu wanacheza chini bila kutetemeka. Mwenyewe haingii jengo bila kuvua viatu ili asikie joto la sakafu. Hata kwenye harusi ya mpwa wake alionekana akipapasa sakafu kwa soksi huku wenzake wakicheza.

Lakini kikubwa zaidi ni kisa cha wodi mpya ya wazazi. Alikuwa ametangaza kwamba sakafu peke yake ingetosha. Siku ya majaribio, Januari, nje baridi ikigandisha kope, vyumba vyote vilipata joto isipokuwa cha kujifungulia. Kiko pembeni, kina kuta mbili za nje na madirisha mapana. Akapiga hesabu upya: joto lililokuwa likipotea lilizidi lile ambalo sakafu ingeweza kutoa.

"Si uongeze moto wa maji tu?" aliuliza Mirlan, msimamizi wa ujenzi.

"Wakunga wataungua nyayo, na sakafu itapasuka. Hapa panahitaji vipasha joto vya chuma chini ya madirisha."

"Dada, si wewe uliyesema sakafu inatosha? Wageni wa ufunguzi wameshaalikwa. Watatucheka!"

"Nilisema, na nilikosea. Wacha wacheke. Mtoto anazaliwa amelowa, mdogo wangu. Hana koti."

Ufunguzi ukaahirishwa. Ilimuuma. Kesho yake alikuwa amepiga magoti na mafundi, akikaza mabomba ya vipasha joto hivyo.

Wodi ilipofunguliwa tu, dhoruba ya theluji ikafunga barabara zote, na mke wa Mirlan akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Alijifungua binti katika chumba kile. Mkunga alitoka akijifuta jasho. Mirlan akampigia simu Bi. Burulkan.

"Mtoto ana joto?" aliuliza mhandisi.

"Ana joto, dada."

Dada Burulkan, ahsante kwa kuwajali watu kuliko sifa zako. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na mapumziko marefu. Umeyastahili.