Siku Niliyoachiwa Ufunguo wa Stoo ya Dawa

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, hamjambo. Nimeombwa niseme machache kwa sababu Jumatatu wanafika hapa Jilore watu watatu wa kifungo cha nje, waje kufanya kazi, na nasikia kuna nyumba ambazo tangu jana kuku wanalala kitandani pamoja na wenyewe. Basi nisikilizeni.

Wengi mnajua nilifungwa. Niliezua mabati kumi na mawili kwenye ghala la mtu, nikaezekea nyumba yangu. Jina la mwenye ghala liliandikwa juu yake kwa rangi nyekundu, kila herufi kubwa kama mbuzi, nami kwa kutojua kusoma nikadhani ni mapambo. Polisi hawakunitafuta, ndugu zangu. Walisoma paa.

Nikala miaka miwili. Ugali wa kule, nawaambia, ukikuponyoka sakafu ndiyo inayopasuka. Lakini kilichoniingia hasa ni kuhesabiwa. Asubuhi, mchana, jioni, mnachuchumaa watano-watano, askari anapita. Hata usingizini niliota nimezidi mmoja.

Ilipobaki miezi mitatu, mwaka ule wa njaa wa themanini na nne, nikaambiwa nitaimalizia nje: nilale kwa shangazi, mchana nifanye kazi kwenye zahanati, na naibu wa chifu aniandike kila asubuhi. Kitu kikipotea mikononi mwangu, narudi ndani na kesi mpya juu.

Sista wa zahanati alikuwa mama wa Mambrui, mpole wa sauti, lakini akikutazama unajikuta umenyooka. Akanipa ufagio. Nikafagia uwanja ule hadi nikakaribia kutokea Malindi. Mkawa mnapita mkinisalimu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mfuko. Sikuwalaumu.

Wiki ya pili mtu akaumwa na nyoka. Dereva wa lori akakubali kumkimbiza Malindi, na sista hana budi kupanda naye. Msaidizi wake alikuwa msibani. Sista akatazama huku, akatazama kule, akavua ufunguo wa stoo ya dawa shingoni mwake.

"Kaka, vilivyomo nitavikuta?"

"Utavikuta, sista."

Habari ilifika kijijini kabla lori halijashika barabara. Mkaja, ndugu zangu. Mkaja na vigoda! Mwaka wa njaa, lakini mihogo ya kutafuna mkimtazama mwizi ilipatikana. Watu kama elfu nne, mnangoja kuona nitaanzia wapi. Jirani yangu mmoja, yuko hapa, simtaji, ni huyo anayetazama viatu vyake, akanijia dirishani taratibu.

"Nitolee chupa moja tu ya kikohozi. Zimejaa humo, nani atajua?"

Hapo nikabanwa. Alisema kweli: hata mimi sikujua ni ngapi. Nikamwambia ngoja kidogo. Nikaingia, nikafanya kile nilichofundishwa na serikali kwa miaka miwili. Niliteremsha kila chupa na kila kopo, nikavichuchumaza sakafuni vitano-vitano, nikahesabu. Mia mbili kumi na tatu. Nikarudi dirishani.

"Sasa mimi najua," nikamwambia.

Akaondoka. Nami nikahesabu tena mara sita, nisije nikajidanganya.

Sista alirudi alasiri, nyuma yake naibu wa chifu na pingu mkononi, maana alishaambiwa nimetoroka na stoo nzima kichwani. Nikafungua mlango. Dawa ya macho imekaa na mafuta ya taa, ya tumbo na ya kupaka mgongo, vidonge vya malaria katikati ya sabuni, mistari imenyooka kama gwaride. Nami bila kujijua nimechuchumaa mwisho wa mstari.

"Mia mbili kumi na tatu, afande," nikasema.

Sista akafungua daftari lake, akahesabu kimoja kimoja. Naibu wa chifu akawa anazichezesha zile pingu. Mwisho sista akalifunga.

"Hakuna kilichopotea," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Na hakuna ninachokiona mahali pake. Kesho unaanza ngumbaru, usome kilichoandikwa kwenye chupa."

Tulipanga dawa siku tatu. Ngumbaru nikasoma hadi cheti, na mwalimu alisema toka Kilifi hadi Lamu hajaona kichwa kama changu. Sikumuuliza ana maana gani. Leo stoo ile naishika mimi.

Namshukuru sista, namshukuru shangazi aliyenipa mkeka bila maswali, hata naibu wa chifu, kwa pingu ambazo hazikufungwa. Nanyi nawaomba jambo moja: hao watatu msiwape ufagio peke yake. Kwenye uwanja mtupu mtu ataiba nini, mchanga? Mtajuaje kama amebadilika, na yeye mwenyewe atajuaje? Mpeni kazi yenye kitu cha kuibika.

Mmoja nimeomba aletwe kwangu, stoo, na siku moja nitamwacha humo peke yake. Nitaogopa, siwafichi. Hata sista aliogopa. Aliniambia baadaye kwamba njia nzima hadi Malindi alikuwa akiomba dua, na wala haikuwa ya yule aliyeumwa na nyoka.