Bi Jumanne na Bahasha Mbili

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, Bi Jumanne anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya msaada wa kisheria kwa familia. Wafanyakazi wenzake wameniomba mimi, mwanafunzi wa sekondari, niandike wasifu wake, kwa kuwa miaka tisa iliyopita faili la wazazi wangu lilipita mezani kwake. Baba na mama wameniruhusu kulisimulia.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Baadaye akapewa masjala, chumba cha mafaili ya talaka, matunzo na malezi ya watoto, kisha akaongezewa mapokezi. Ni yeye aliyegeuza viti vya wateja vikatazama dirishani, ili mume na mke wanaoachana wasikae wakikodoleana macho. Aliyeingia akifoka alipewa kwanza glasi ya maji. "Hakuna awezaye kumeza na kutukana kwa wakati mmoja," aliwafundisha makarani wapya. Inasemekana mteja mmoja alikunywa glasi nne, akasahau kilichomleta.

Jina hili la utani, Bi Jumanne, alilipata kwa sababu ya ukurasa mmoja. Wazazi waliogombea mtoto, kila mmoja alitakiwa kuandika peke yake jinsi Jumanne ya mtoto huyo inavyokwenda, tangu kuamka hadi kulala. Nilimuuliza kwa nini hakuchagua Jumapili.

"Jumapili kila mzazi ni mwema, mjukuu wangu," akajibu.

Faili letu lilipofika kwake nilikuwa na miaka sita, wiki hii nalala kwa mama, wiki ijayo kwa baba. Mama alikuwa amepata kazi mji mwingine na alitaka kuhamia huko nami. Baba alitaka nibaki naye. Hata salamu walikuwa hawapeani. Zilikuwa zimebaki siku tisa hakimu aamue niishi na nani.

Bi Jumanne alizipiga chapa kurasa zao, akazitia kwenye bahasha, ili kila mzazi ausome ukurasa wake na kuutia saini. Akazichanganya. Ya mama ikaenda kwa baba, ya baba ikaenda kwa mama.

Mama alikuwa ameandika: "Jioni anakaa mlangoni. Nikimuuliza anamsubiri nani, anasema anahesabu magari tu." Baba alikuwa ameandika: "Sijui kusuka. Namfunga nywele ovyo, naye ananiambia nimepatia. Nasikia akifika shule mwalimu humfunga upya."

Kesho yake baba akaja ofisini. "Bi Jumanne, hii si yangu."

Bi Jumanne akaitazama karatasi, akaketi. Hakumsingizia tarishi aliyezipeleka bahasha. "Kosa ni langu," akasema.

"Kwa hiyo yeye anayo ya kwangu?"

"Anayo."

"Na ya nywele ameisoma?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, bahasha mkononi. "Nimeisoma," akasema. "Siku zote nilidhani ni upepo unaomvuruga nywele akitoka kwako."

Wakakaa kwenye vile viti mpaka ofisi ikafungwa. Hakimu aliandika walichokubaliana: muda wa masomo ningeishi na mama, likizo zote kwa baba, na mama hangehama kabla mwaka wa shule haujaisha.

Bi Jumanne aliandika mwenyewe barua ya kueleza kosa lake, akapewa onyo la maandishi. Mwaka uliofuata mkuu wa ofisi akaweka utaratibu mpya: wazazi wakiridhia wote wawili, hubadilishana kurasa kabla ya kwenda kwa hakimu. Utaratibu huo upo hadi leo.

Kwa muda mrefu nimejiuliza kama alifanya makusudi. Wiki iliyopita nikamuuliza.

"Nilikosea, mjukuu wangu, tena vibaya. Siri ya mteja si ya kuchezea. Usije ukaandika kwamba ilikuwa busara."

Nimeandika alivyosema. Ila naongeza langu moja: angeweza kumsukumia mwingine lawama, baba akaondoka na hasira zake, na siku tisa zikaisha bila wao kuzungumza. Ningependa, nikianza kazi, niwe na ujasiri kama wake.

Bibi, ofisi nzima inakushukuru, na familia nyingi ambazo hazitasimama kusema zinakushukuru pia. Nenda kapumzike, tunakuombea afya, utulivu na siku nyingi njema. Ijumaa baba na mama watakuwepo wote wawili kukuaga. Mama ndiye aliyempigia baba simu kumwambia saa ya kufika.