Edinah Nerima na Dakika Tano za Mkekani

Mama Mugeni alikuwa ameshika kiuno, anasema mtoto aliyezaliwa akiwa wa miezi saba hawekwi chini uchi hivyo kama omena, dagaa wa kuanikwa. Jirani yake, Mzee Ojakol, akamwambia amwachie muuguzi kazi yake. Mama Mugeni akajibu kwamba hata yeye amezaa, tena sita. Ojakol akamuuliza, kati ya hao sita, ni yupi aliyezaliwa na uzito wa nusu pakiti ya unga?

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ni Malaba, nyumbani kwa Sylvia Anyango, miaka tisa iliyopita. Watu tulikuwa kumi na wawili ndani ya chumba kimoja. Ndiyo, na mimi nilikuwemo. Mtoto wa jirani, tunapanga ploti moja, nitakosaje? Juu ya mkeka alilala Alvin, mwana wa Sylvia, amevaa nepi tu. Na aliyesimama juu yake na simu mkononi ili ampige video, akitusubiri tunyamaze, alikuwa Sista Edinah Nerima.

Sista Edinah Nerima ametutoka. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na moja. Amefariki akiwa na miaka hamsini na minane, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimzika Jumamosi nyumbani kwake Khunyangu.

Edinah alizaliwa Sio Port, mtoto wa mvuvi. Kazi yake ilikuwa kuwatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Siku moja alienda semina Kisumu, siku nne, akarudi na jambo jipya. Alifundishwa kwamba mtoto mchanga akilazwa chali, ameshiba, yuko macho, hakuna anayemgusa wala kumchekesha, mwili wake unaanza kusema. Shingo, mabega, vifundo vya mikono, miguu, vyote vina vijimwendo vidogo vidogo visivyokoma. Edinah alivieleza kwa lugha ya kwao: kama maji ya ufukweni asubuhi, hayatulii na hayachafuki. Huonekana mtoto akifika kama miezi mitatu. Na miezi hiyo haihesabiwi kutoka siku aliyozaliwa. Unahesabu kutoka siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Vijimwendo vikiwepo, moyo unatulia kiasi. Visipokuwepo, huenda mtoto akapata shida ya kutembea na hata kujifunza, kwa hiyo aanze kusaidiwa mapema.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulimharibia. Bibi yake Alvin alipiga makofi. Mama Mugeni alimtekenya unyayo, eti asionekane mvivu kwenye picha. Mimi niliita jina lake. Mtoto akageuka huku na huku, akatutumbulia macho, akaanza kulia. Kwetu, mgeni akija na kamera, mtoto sharti achangamshwe. Edinah alifuta ile video. Hakugomba. Alitutoa nje mmoja mmoja, akafunga mlango, akasubiri Alvin atulie, akaanza upya.

Dakika tano. Tulihesabu tukiwa nje, tukimsengenya.

Vijimwendo havikuwepo. Alirudi baada ya wiki mbili, akapiga video nyingine. Havikuwepo. Mumewe Sylvia, Protus, dereva wa lori, alikuwa safarini, na tayari mtaani watu walikuwa wanasema mtoto wa Sylvia atakuwa mzito wa akili. Mama Mugeni alimwambia Sylvia waziwazi asipoteze nguvu, kwamba wengine huzaliwa wa kukaa nyumbani tu.

Sylvia anakumbuka vizuri alichoambiwa na Edinah jioni ya ile video ya pili.

"Aliniambia, 'Mama Alvin, mimi si mganga, sipigi ramli. Sisemi mtoto wako hatasoma. Nasema tusingoje afike shule ndiyo tujue.'"

Basi wakaanza. Edinah alimleta Callistus, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtoto akafunguliwa mablanketi aliyokuwa akifungwa, akawekwa chini kila siku, akasemeshwa, akanyooshewa kijiko akifuate. Sylvia alifundishwa kumsimulia kila anachofanya, hata akiosha sufuria. Tukasema Sylvia ameanza kuongea peke yake. Edinah alikuwa anatoka kazini Busia kila Alhamisi kuja kuwaona, mvua au jua, kwa miaka mitatu. Narudia: miaka mitatu.

Alvin alitembea karibu na miaka mitatu. Mguu wa kushoto unaburura kidogo mpaka leo. Kuongea alichelewa. Lakini leo yuko gredi ya nne, na malori yakipanga foleni hapo mpakani, anasoma maandishi yote ubavuni na kukuambia hili linaenda Kigali, hili linatoka Kongo. Na Mama Mugeni, yule yule, ana kijana wake Juba anayemtumia ujumbe. Unajua nani anamsomea?

"Niliongea vibaya," aliniambia mazishini, wala hakushusha sauti. "Huyo mtoto ndiye macho yangu sasa."

Kwa Mzee Oundo, mume wa marehemu, kwa watoto wenu na ukoo wote: poleni sana. Mlitugawia mtu wenu, tukamtumia mpaka akaisha. Na wewe unayenisikiliza, jiulize: ni mtoto yupi jirani yako umeshamwamulia mwisho wake hata kabla hajakaa?

Kuna jambo nililiona Jumamosi, siwezi kulinyamazia. Tukiwa bado kwenye hema, boda ikaleta msichana kutoka Sio Port, mtoto kafungwa shali tatu kwenye jua lile. Alielekezwa kwa Sista Edinah. Hakuwa na habari. Alipoona watu wengi na kaburi bichi, akaanza kurudi kwenye pikipiki.

Sylvia akamwahi langoni. Akamuuliza alitarajiwa kujifungua lini, akahesabu kwa vidole, akamwita Callistus. Kisha, nasema nikiona fahari, akatugeukia sisi sote na kutuonya kwamba hakuna atakayemgusa wala kumwita mtoto huyu.

Mzee Oundo akauliza ni nani huyo. Akaelezwa. Akainuka pale alipoketi na wazee, akatembea mpaka langoni, akampokea msichana mfuko wake.

"Mama, hujapotea njia," akamwambia. "Mtoto ataangaliwa. Ingia kwanza ule."