Kitu cha Kumsimamisha Matonya

Kijiwe cha Abbasi, muuza kahawa kutoka Kondoa, kilikuwa kando ya reli mpya ya Mjerumani hapa Dodoma. Asubuhi ile Matonya alibebwa kama kawaida, akaketishwa mwisho wa benchi. Tangu vyuma vya reli vimwangukie nyongani, hakuwa amesimama. Kesho ng'ombe wa mahari ya binti yake Raheli wangefika, na kwao baba huwapokea akiwa amesimama mlangoni mwa zizi. Akishindwa, atasimama mdogo wake. Mbele yake palikuwa na kitu kilichotumwa jana na daktari wa misheni, bila maelezo yoyote: miguu minne ya mbao, na kila upande vishikio viwili, kimoja chini, kimoja juu. Abbasi alikwisha kutundika birika lake kwenye cha juu.

— Hicho ni kiti, — alisema Silvano, waliyemwita Msumari. — Fundi kasahau pa kukalia.

— Kiti gani kinakufika kifuani? Ni cha kumfungia ndama.

— Ndama wa Kondoa labda, Abbasi!

Khamisi, waliyemwita Bomani, akakohoa.

— Mimi nimefagia boma miaka miwili, jamani. Hiki ni cha kupimia watu. Ukifika kishikio cha chini, wewe mtoto. Ukifika cha juu, unalipa kodi.

— Na Matonya je?

— Huyu haonyeshi urefu. Bado mtoto.

Wakacheka. Matonya hakucheka. Alikuwa akiangalia vile vishikio vya chini, vilivyokuwa karibu na magoti yake. Vya nini huko chini? Akiuliza, watamwambia ajaribu. Akijaribu akaanguka, mdogo wake atasikia kabla ya adhuhuri.

Bomani akajipenyeza katikati ya mbao kuonyesha upimaji, akakwama.

Hapo akapita Mwantum, muuza samli, na kibuyu kichwani, akakitazama kile kitu.

— Shikamooni. Mgonjwa ni nani hapa?

— Marahaba. Ni Matonya.

— Mbona yeye yuko nje, na mzee huyu ndiye yumo ndani?

— Mtoeni Bomani, — alisema Matonya. — Na wewe Abbasi, ondoa birika lako.

Akashika vya chini, akasukuma. Kiuno kikainuka. Mkono mmoja ukarukia juu, wa pili ukaufuata. Akasimama, akaona paa la tembe lake kwa mara ya kwanza tangu masika.

— Alhamdulillahi, — alisema Mwantum. — Na kuketi, ataketije?

Msumari akamtazama Bomani. Bomani akamtazama Abbasi. Abbasi akatikisa birika, lilikuwa tupu.

— Msinishike, — alisema Matonya. — Niacheni hivi hivi mpaka ng'ombe wafike.