Viatu Vilivyoshiba

Sosthenes alipanda basi la Mbeya pale Iringa, amevaa koti la kuazima lililotoboka viwiko. Alimweleza mama aliyekaa naye kwamba anakwenda mahakamani Mafinga, kuomba apunguziwe matunzo anayompa mtalaka wake.

"Kaka yangu, koti linalia njaa lakini viatu vimeshiba," mama alisema. "Hakimu ataanzia chini."

Sosthenes akaviangalia viatu vyake vinavyong'aa. "Dada, tubadilishane na hizo kandambili."

"Chukua. Mimi nakwenda hapohapo kuomba niongezewe. Nikiingia peku, si ndiyo vizuri?"

Walicheka mpaka konda akageuka. Mafinga wakashuka, Sosthenes visigino nje ya kandambili, mama peku. Viatu vinavyong'aa viliendelea kwenda Mbeya, vimekaa dirishani kama abiria waliolipa.